Maswali ya Wasomaji: Kihispania cha Jikoni

Barua za toleo hili zote zinahusu jambo moja, yaani msamiati wa Kihispania wa vyakula na mapishi. Baadhi zimeandikwa na watu wanaojifunza kwa ajili ya kazi ya upishi, na nyingine na wale wanaoipenda lugha yenyewe. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu tatizo lililomo ndilo nililoliona kwa wanafunzi wengi kuliko jingine lolote.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nimekariri orodha ya majina ya vyakula yapatayo 200, ya matunda, mboga, nyama na viungo, na nikiulizwa jina moja moja sikosei. Lakini nikifungua ukurasa wa mapishi yaliyoandikwa kwa Kihispania, sielewi hata sentensi tatu mfululizo. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Juhudi yako haikupotea, kwani majina hayo utayahitaji. Ila umepanga viungo vyote mezani bila kuwasha jiko. Mapishi huendeshwa na vitenzi, na vitenzi vya jikoni katika Kihispania si vingi: ukivishika 25 hivi vizuri, utafuata sehemu kubwa ya mapishi ya kawaida hata pale ambapo jina la kiungo fulani ni geni kwako, kwa sababu utajua kwamba kitu hicho, chochote kiwacho, kimemenywa, kikakatwa na kutiwa sufuriani.

Tazama maelezo haya mafupi ya "tortilla de patatas", ambayo ni mayai na viazi vya kukaanga kama vinavyopikwa Uhispania: "Se pelan las patatas y se cortan en rodajas finas. Se fríen a fuego lento en abundante aceite de oliva. Se baten los huevos con una pizca de sal, se añaden las patatas escurridas y se cuaja la tortilla por ambos lados." Majina yaliyomo ni machache: viazi, mafuta ya zeituni, mayai na chumvi. Kazi yote inafanywa na "pelar" (kumenya), "cortar" (kukata), "freír" (kukaanga), "batir" (kupiga mayai), "añadir" (kuongeza), "escurrir" (kuchuja maji au mafuta) na "cuajar", ambacho ni kitendo cha mayai kushikana na kuganda yakipata moto.

Jambo la pili linalowakwaza wasomaji wa mapishi ni kile kineno "se" kinachotangulia vitenzi. Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kukiogopa, kwa kuwa sisi pia tukieleza namna jambo linavyofanyika huondoa mtendaji na kusema "viazi humenywa, kisha hukatwa vipande". "Se pela la patata" ni kiazi kinamenywa, na "se pelan las patatas" ni viazi vinamenywa. Kitenzi hufuata umoja au wingi wa kile kinachomenywa, kama kiambishi cha ngeli kinavyofanya kwetu. Waandishi wengine hutumia kitenzi kisichonyambuliwa, "pelar las patatas", na wengine huamuru, ama kwa kumzungumzia rafiki, "pela las patatas", ama kwa heshima, "pele las patatas". Umbo hubadilika, lakini mzizi ni uleule, na ndiyo maana nasisitiza kwamba kitenzi kishikwe kwanza.

Kutokana na vitenzi hivyo utapata bila gharama kundi zima la vivumishi. "Picar" ni kukatakata vipande vidogo sana, kwa hiyo kitunguu kilichokatwakatwa ni "cebolla picada" na kitunguu saumu kilichokatwakatwa ni "ajo picado". "Rallar" ni kukwaruza kwa kikwaruzo, nayo jibini iliyokwaruzwa ni "queso rallado". "Moler" ni kusaga, na pilipili manga iliyosagwa ni "pimienta molida". Angalia jinsi mwisho wa neno unavyobadilika kufuata nomino, kisha jikumbushe kwamba wewe husema "kitunguu kilichokatwa" na "nyanya zilizokatwa" bila kufikiri.

Vitenzi vya moto ndivyo vinavyohitaji uangalifu zaidi, kwa sababu mipaka yake haifanani na yetu. "Cocinar" ni kupika kwa jumla. "Hervir" ni kuchemka na kuchemsha, hasa maji yakitoa mapovu, ilhali "cocer" ni kuivisha kitu kwa kukiacha ndani ya maji yanayochemka, ingawa mkate nao husemwa kuwa umefanyiwa "cocer" ndani ya tanuri. "Asar" hujumuisha kuchoma juu ya makaa na kuivisha nyama ndani ya oveni, hivyo ukikuta "pollo asado" usiwe na hakika kwamba kuku huyo aliona makaa. Mikate na keki zina kitenzi chake, "hornear". Kisha kuna "sofreír", kukaanga taratibu bila kuunguza, na kutokana nacho jina "sofrito", yaani kitunguu, kitunguu saumu na mara nyingi nyanya, vilivyolainishwa katika mafuta kuwa msingi wa mchuzi.

Mwisho ni vipimo. "Cuchara" ni kijiko, "cucharada" ni ujazo wa kijiko cha chakula, na "cucharadita" ni ujazo wa kijiko cha chai. Ukilipata neno la kwanza umeyapata matatu. "Una pizca" ni kiasi kinachoshikika kwa ncha za vidole viwili, "un puñado" ni konzi moja, na "un chorrito" ni mafuta au siki inayomiminwa kidogo tu. Punje moja ya kitunguu saumu huitwa "diente", yaani jino, na kitunguu saumu kizima ni "cabeza", kichwa.

Ushauri wangu ni huu: rudi kwenye orodha yako, chukua majina kumi tu, na kila jina uliandikie vitenzi viwili ambavyo hulipata jikoni. Usiandike "huevo" peke yake; andika "batir los huevos" na "cocer los huevos". Kiungo kikiingia kichwani pamoja na kitendo chake, hutakitafuta tena siku ya kukitumia.

Swali: Mwalimu wangu wa kwanza alitokea Uhispania na wa sasa ametokea Meksiko. Kila ninalosema darasani kuhusu vyakula linasahihishwa, ingawa nakumbuka kwamba nilifundishwa hivyo. Nani kati yao yuko sahihi?

Jibu: Wote wawili, na nakuomba usimdhanie vibaya yeyote. Kihispania ni lugha rasmi katika nchi zipatazo 20, kuanzia Uhispania na Guinea ya Ikweta hadi Amerika ya Kati na ya Kusini, na hakuna sehemu ya lugha hiyo inayotofautiana kutoka nchi hadi nchi kama majina ya vyakula. Sababu yake ni ya kihistoria: Wahispania walipofika Amerika mwishoni mwa karne ya 15 walikuta mimea ambayo hawakuwa na majina yake, wakayachukua kutoka kwa wenyeji, na kila eneo lilikuwa na wenyeji wake.

Kiazi ni mfano mzuri. Kwa Kikechua, lugha ya milima ya Andes, kiliitwa "papa", na hivyo ndivyo kinavyoitwa Amerika yote na hata katika visiwa vya Kanari. Katika sehemu kubwa ya Uhispania jina hilo lilichanganyika na "batata", neno la Karibi la kiazi kitamu, likazaliwa "patata". Parachichi ni "aguacate" huko Meksiko na Uhispania, kutoka lugha ya Kinahuatl, lakini Peru, Chile na Ajentina wanasema "palta", kutoka Kikechua. Karanga ni "cacahuete" Uhispania, "cacahuate" Meksiko, na "maní" katika sehemu kubwa ya Amerika ya Kusini na Karibi. Maharage yana majina mengi kupita kiasi: "judías" au "alubias" Uhispania, "frijoles" Meksiko na Amerika ya Kati, "porotos" Chile na Ajentina, "caraotas" Venezuela, "habichuelas" Puerto Rico. Njegere ni "guisantes" kwa mwalimu wako wa kwanza na "chícharos" kwa wa pili, na ukienda kusini zaidi utasikia "arvejas".

Tofauti hizo hazina hatari, kwani ukikosea utaeleweka au utaulizwa. Zinazohitaji tahadhari ni zile ambazo neno ni moja na kitu ni kingine. "Tortilla" niliyoieleza hapo juu ni mayai na viazi Uhispania, lakini Meksiko ni mkate mwembamba wa duara, aghalabu wa mahindi. "Torta" huko Meksiko ni mkate uliojazwa nyama na vinginevyo, ilhali Ajentina na Venezuela ni keki. "Estufa" huko Meksiko ni jiko la kupikia. Uhispania ni chombo cha kupashia chumba joto. Hata "tomate" si salama kabisa, kwa sababu katika baadhi ya sehemu za Meksiko nyanya nyekundu huitwa "jitomate", na "tomate" huachiwa tunda dogo la kijani.

Nakushauri uchague nchi moja iwe makao yako. Zungumza kwa majina ya nchi hiyo, nayo majina ya kwingine uyatambue tu yanapokujia. Kamusi ya Real Academia Española, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1713, hupatikana bure kwenye intaneti na huonyesha kwa vifupisho neno linatumika nchi zipi. Zoea kuvisoma vifupisho hivyo kabla ya maana yenyewe.

Swali: Nilimwambia mwenyeji wangu kwamba nyama ilikuwa "verde" nikikusudia kuwa haijaiva. Alishtuka sana na kuitazama sahani. Kamusi yangu inasema "verde" ni mbichi. Kosa liko wapi?

Jibu: Kosa liko kwenye upana wa neno letu. Kivumishi "-bichi" hufanya kazi ambazo Kihispania huzigawa kwa maneno matatu. Tunda ambalo halijakomaa ni "verde". Nyama isiyopikwa, au isiyopikwa vya kutosha, ni "cruda". Samaki mbichi, kwa maana ya asiyekaushwa, ni "pescado fresco". Mwenyeji wako alisikia kwamba nyama yake ina rangi ya kijani, na haki ilikuwa kwake kushtuka.

Kitenzi "kuiva" nacho kina upana kama huo. Ndizi ikiiva mtini au kapuni, Mhispania husema "está madura". Wali ukiiva jikoni husema "está cocido" au "está hecho". Kwetu vyote vimeiva, na mimi binafsi naona uzuri katika kuliona tunda na chungu vikifikia ukamilifu kwa neno moja, lakini katika Kihispania lazima uamue ni jua au ni moto.

Nakuongezea mengine mawili, maana nimeona makosa yake mara nyingi. "Tamu" yetu ni "dulce" pale tu penye sukari au ladha yake. Chakula kinachofurahisha mdomo ni "rico" au "sabroso". Ukimwambia mtu kwamba supu yake ni "dulce", ataonja upya akidhani kwamba ametia sukari badala ya chumvi. Na "kali" ina warithi wengi zaidi: pilipili kali ni "picante", kisu kikali ni "afilado", kahawa kali ni "fuerte" au "cargado", na kichachu kilichozidi ni "agrio". Usichanganye "picante" na "caliente", ambalo ni la moto wa joto tu.

Kwa upande mwingine, kuna mahali ambapo sisi ndio wenye maneno mengi. Mpunga, mchele na wali kwa Mhispania vyote ni "arroz". Ila samaki amewagawa: aliye majini ni "pez", na aliyevuliwa ili aliwe ni "pescado".

Swali: Niseme "la sopa es fría" au "la sopa está fría"?

Jibu: Inategemea kama unalalamika. "La sopa está fría" ni supu iliyopoa, na mpishi atairudisha jikoni. "Es fría" hueleza aina ya supu, kama "gazpacho" ya Andalusia ambayo huliwa ikiwa baridi kwa desturi yake. Kitenzi "ser" hutaja asili ya kitu, na "estar" hutaja hali kiliyomo. Kwa hiyo "la manzana es verde" ni tofaa la rangi ya kijani, na "la manzana está verde" ni tofaa ambalo bado halijaiva. Unaposifu chakula kilicho mdomoni, sema "está rico".

Swali: Kuna njia gani ya kukumbuka kama chakula ni cha kike au cha kiume? Naona "la sal" na "el arroz" na sipati kanuni.

Jibu: Maneno mengi yanayoishia kwa "a" ni ya kike na mengi yanayoishia kwa "o" ni ya kiume, lakini yale yenye mwisho mwingine hayana budi kushikwa moja moja: "la sal", "la miel", "la leche", "la carne", lakini "el pan", "el aceite", "el vinagre". Usilitamke neno peke yake hata siku moja. "La leche" iwe kwako neno moja lenye silabi tatu. "El agua" itakusumbua, kwa kuwa ni ya kike ingawa inatanguliwa na "el" kwa sababu za matamshi. Maji baridi ni "el agua fría", si "frío". "Azúcar" hukubali jinsia zote mbili, kwa hiyo hilo likuache na amani.

Kuna kanuni moja ambayo msemaji wa Kiswahili ataipenda. Sisi husema mchungwa na chungwa, na kwa kubadilisha ngeli tunatenganisha mti na tunda. Kihispania hufanya jambo lilelile kwa jinsia: "naranjo" ni mchungwa na "naranja" ni chungwa, "manzano" ni mtofaa na "manzana" ni tofaa. Si miti yote inayotii, kwani mlimau ni "limonero" na mtini ni "higuera", lakini inayotii inatosha kukusaidia.

Swali: Nimesoma kwamba maneno mengi ya Kihispania yanafanana na ya Kiswahili. Je, naweza kuyategemea?

Jibu: Mengine ndiyo. Waislamu walitawala sehemu za rasi ya Iberia, yaani Uhispania na Ureno za leo, tangu mwaka 711 hadi 1492, na Kiarabu kiliacha maneno mengi ya shambani na jikoni katika Kihispania, kama kilivyofanya katika Kiswahili. "Azúcar" na sukari, "azafrán" na zafarani, "aceituna" na zeituni, "limón" na limau, "berenjena" na biringani: haya ni ndugu wa damu. Irabu "a" iliyo mwanzoni mwa matatu ya kwanza ni mabaki ya "al" ya Kiarabu, ambayo Wahispania waliyameza pamoja na neno na sisi tukayaacha. Ukijua hivyo, maneno ambayo yangekutisha yatapungua.

Tahadhari iko kwa maneno tuliyoyapata kwa Wareno, ambao lugha yao ni jirani ya Kihispania. "Mesa" ni meza, bila tatizo. Lakini "copa" si kopo, ni glasi yenye mguu, na "pera" si pera letu: ni lile tunda tunaloliita pea, ilhali pera kwa Kihispania ni "guayaba". Nalo neno "pera" litamke kwa "r" nyepesi ya kugusa mara moja tu. Ukiikokota "r" utakuwa umesema "perra", yaani mbwa jike.

Swali: Kuhusu matamshi, ni herufi zipi zinazoharibu majina ya vyakula?

Jibu: Herufi "h" haitamkwi, hivyo "huevo" na "harina" zianze kwa irabu. "J" ni kama "kh" ya "kheri", kwa hiyo "ajo" ni akho. "Ll" husikika kama "y" kwa wasemaji wengi, kwa hiyo kuku, "pollo", ni poyo. "Ñ" ni "ny" yetu hasa, na "piña" hutamkwa pinya. "Z", na "c" mbele ya "e" au "i", katika sehemu kubwa ya Uhispania ni "th" ya "thelathini", na Amerika ni "s". Kwa sababu hiyo "cocer", kuivisha majini, na "coser", kushona, hutofautiana Madrid lakini ni sauti moja Bogotá. Muktadha utakuambia kama kuna sufuria au sindano.

Mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na katika Kihispania pia hukaa hapo neno likiishia kwa irabu, "n" au "s". Likiishia kwa konsonanti nyingine, mkazo huenda mwisho: "arroz", "coliflor". Likivunja kanuni, alama huandikwa juu ya irabu ili kukuonya: "limón", "plátano", "azúcar". Usiidharau alama hiyo, kwa maana "la papa" ni kiazi na "el papá" ni baba.

Swali: Nijifunze maneno mangapi kwa siku? Nasahau upesi sana.

Jibu: Matano hadi manane, mradi uyarudie. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885, alionyesha kwamba usahaulifu huwa wa kasi mwanzoni kisha hupungua, na kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hushinda yaliyorundikwa kwa mara moja. Kwa hiyo jipime kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, nawe ujipime kwa kufunika neno na kulikumbuka, si kwa kulisoma tena.

Kisha fanya zoezi hili kila unapopika. Chagua chakula unachokipika mara nyingi kiasi cha mikono yako kujua kazi bila kuuliza, nawe ukiwa jikoni taja kila kitendo kwa sauti unapokifanya: "pelo la cebolla", namenya kitunguu, "caliento el aceite", napasha mafuta, "pruebo la salsa", naonja mchuzi, "le falta sal", imepungukiwa chumvi. Ukikwama kwenye kitendo fulani usisimame. Kitaje kwa Kiswahili, kiandike kwenye karatasi iliyo kando ya jiko, ukitafute ukishapakua, na siku utakapopika tena chakula hicho uanzie hapo ulipokwama.